Mkasi wa Jumatatu

Nchiru, Meru.
Jumapili, 21 Septemba 2025.

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu, na za Kawira, na za wajina wako Ciakuthii, ambaye ndiye hasa aliyenifanya nishike kalamu. Sisi hapa tunaendelea kwa neema ya Mungu. Upepo wa Nchiru ni ule ule unaoujua, unaopiga mabati na kutia vumbi kwenye chai, lakini tuko wazima wote watatu. Je, wewe? Goti la kushoto limetulia, au bado linakutabiria mvua? Na yule ng'ombe mweusi, alishazaa? Njiru aliniambia kwamba majani chai yamekuwa mazuri huko Kianjokoma na kahawa imeshika vizuri. Nilifurahi, ingawa namjua ndugu yangu: husifu shamba hata likiwa limeliwa na wadudu.

Najua unashangaa barua ni ya nini, siku hizi kila mtu akiwa na simu mfukoni. Mama, nimekupigia mara nyingi. Kila mara tunaulizana habari za mvua, halafu unasema salio linakwisha, hata kama aliyepiga ni mimi. Ninayotaka kukuambia hayawezi kutoshea hapo. Naomba uisome barua hii wewe mwenyewe, polepole, ukifuata mstari kwa kidole, wala usimpe Njiru akusomee. Ndiyo maana nimeiandika kwa Kiswahili, lugha uliyojifunzia kusoma kwenye darasa la ngumbaru, na kwa herufi kubwa ili miwani isikuchoshe.

Sasa ni miaka miwili na zaidi tangu utie mguu hapa, ile Pasaka. Wakati ule Ciakuthii alikuwa na miaka mitano, na daktari alikuwa ameshatuambia kwamba ana usonji. Alitueleza kwamba mtoto hana ugonjwa wa kuponywa kwa dawa. Ubongo wake unaipokea dunia kwa njia nyingine. Sauti, mwanga, mguso wa nguo, watu wengi mahali pamoja, vyote vinamfikia kwa nguvu isiyo ya kawaida, na maneno yanakawia au hayaji. Wewe ulisema mjomba Ndwiga naye alichelewa kusema na akaja kuwa karani. Nami nikaling'ang'ania neno lako, kwa sababu la daktari sikulitaka.

Mama, sikukueleza hata siku moja jinsi nilivyokuwa nikiishi. Tulimpa jina lako, kwa hiyo kwa desturi yetu yeye ni wewe. Hata leo nikimwita humwita Mama. Na Mama huyu mdogo hakuweza kuvumilia mkono wa mtu kichwani. Ukiwasha mashine ya kunyolea hata chumba cha pili, alijiziba masikio na kujigonga ukutani. Nywele zake zikasokotana zikawa kiota. Na baba yake ni nani? Ni Nyaga kinyozi, anayenyoa nusu ya wanafunzi wa chuo hapa Nchiru. Watu walikuwa wakinitania mlangoni wakisema, "Kinyozi hajinyoi!" Nilicheka nao. Wakishaondoka, nilikaa kwenye kiti cha wateja nikijitazama kwenye kioo kama ninayemtafuta mtu aliyepotea.

Siku moja Ciakuthii alimponyoka Kawira, akaja mbio mpaka dukani, kwa ncha za vidole vya miguu kama kawaida yake, akipiga kelele zake za furaha. Mwanafunzi niliyekuwa nikimnyoa aliuliza ni mtoto wa nani. Nikamjibu kwamba ni wa jirani. Nilikimaliza kichwa kile bila kumgeukia mtoto. Tangu siku hiyo nikaanza kufunga duka saa nane, pazia chini, nikijilaza kwenye benchi mpaka jioni. Kanisani tulikaa nje, chini ya dirisha, ili akilia tuondoke bila kuonekana. Kawira alikuwa akimpeleka kliniki kila Jumatano peke yake. Mimi nilisema nina kazi.

Hali ilikuwa hivyo mpaka mapema mwaka jana, mama yake Kawira alipougua huko Igoji, na Kawira akalazimika kwenda kumuuguza wiki nzima. Jumatano ikafika. Nikambeba Ciakuthii mgongoni, nikaenda kliniki nikiwa nimevuta kofia mpaka machoni.

Mtaalamu wa pale ni mama mmoja anayeitwa Teresia. Kazi yake ni kuwafundisha watoto kama wetu kuzoea mambo ya kila siku: kuvaa, kula, kuoga, kukaa na wenzao. Alimwachia Ciakuthii beseni la maharagwe achovye mikono, kisha akanigeukia mimi, akaniuliza hali yangu.

Nikamwambia mtoto hajambo kidogo.

"Sijauliza mtoto, Baba Ciakuthii," akasema. "Nimekuuliza wewe."

Mama, tangu mtoto huyu azaliwe, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilifungua mdomo nimjibu, kikatoka kilio. Nililia mbele ya mwanamke nisiyemjua, mimi mwanao uliyenizuia kulia hata siku ya kuingia jandoni. Teresia hakusema nyamaza. Alingoja nikamaliza, akanipa maji ya kunywa, akasema kwamba baba akichoka namna ile mtoto hukosa pa kuegemea, na kwamba kuanzia siku hiyo kliniki ile ilikuwa na wagonjwa wawili, mtoto saa tatu na baba saa nne.

Jumatano ya pili akaniuliza ninafanya kazi gani. Niliona aibu kumjibu. Nilipomwambia mimi ni kinyozi, hakucheka. Alipiga makofi mara moja.

"Basi umeanza safari ukiwa na mkasi mkononi! Wazazi wengine huanza bila chochote."

Akanieleza kwamba mashine yangu ikilia karibu na sikio la Ciakuthii, yeye husikia kama msumeno unaopasua mbao, na kwamba nywele zinazomwangukia shingoni humtambaa kama siafu. Akasema kinachomfanya apige kelele ni maumivu, si ukosefu wa adabu. Akasema tena kwamba hatutamnyoa hivi karibuni. Tutamfundisha kwanza kwamba dukani kwa baba yake hakuna kitu kitakachomrukia.

Jumatatu dukani huwa hakuna kazi. Watu hunyolewa mwisho wa juma. Kwa hiyo Jumatatu ikawa siku yetu. Nilizima redio, nikafunika vioo viwili kwa shuka nikaacha kimoja, nikaondoa ile poda yenye harufu kali. Jumatatu ya kwanza alikaa mlangoni tu, akizungusha vifuniko vya soda. Ya pili akaingia. Ya tatu akapanda kiti, akagundua kwamba kinazunguka, basi hiyo ikawa sherehe: alizunguka mpaka mimi niliyekuwa nikimtazama nikaona kizunguzungu. Kawira, ambaye alikuwa amerudi kutoka Igoji, alikaa kwenye benchi akishona, haamini kwamba mume wake amefunga kazi kwa ajili ya kumzungusha mtoto.

Nilikuwa na mashine ya mkono ya zamani, ile ya kubana kwa vidole, isiyotumia umeme, niliyoachiwa na mzee aliyenifundisha kazi huko Embu. Hutoa mlio mdogo tu, kama mbuzi akitafuna majani. Jumatatu ya tano nilimwekea Ciakuthii mkononi nikachuchumaa mbele yake. Akaibana, akaisikiliza, akaibana tena. Halafu akanishika kichwa kwa mkono wa kushoto, Mama, vile vile unavyomshika ndama, akalima mstari mmoja kutoka kipajini mpaka utosini. Ulikuwa mfereji hasa, kama ile ya maji ya kunyunyizia migomba ya Mitunguu.

Gitobu, kinyozi mwenzangu tunayefanya kazi pamoja, aliniona jioni akakimbilia mashine anisawazishe. Nikakataa. Teresia alikuwa amesema mtoto aone kwamba kazi yake imeheshimiwa. Kesho yake wanafunzi walijaa dukani wakivunjika mbavu.

"Boss, ni nani amekunyoa hivo?" akauliza mmoja.

Nilisimama na kitana mkononi. Nilijua kwamba nikisema uongo tena, nitakuwa nimemkana mara ya pili.

"Ni binti yangu," nikamwambia. "Anaitwa Ciakuthii. Ana miaka sita, ana usonji, na bado anajifunza kazi."

Kisha yule kijana akasema ana mdogo wake wa namna hiyo nyumbani, na kwamba hajawahi kumwambia mtu chuoni. Mama, nilihisi kama nimetua gunia la viazi. Jumapili nilienda kanisani na mfereji wangu kichwani, na siku hiyo tuliingia ndani, tukakaa benchi la tatu. Wakati wa maombi Kawira alinitazama kichwa nikiwa nimeinama, akaanza kucheka, akajiziba kwa leso, mabega yakimtikisika. Nilikuwa sijamsikia mke wangu akicheka kwa mwaka mzima.

Sitaki nikuchoshe kwa kukuhesabia Jumatatu zote. Zilikuwa nyingi, na nyingine zilikuwa mbaya. Kuna siku aliniuma kidole mpaka nikaona nyota, na kuna wiki nne tulirudi nyuma mpaka kule mlangoni kwenye vifuniko vya soda. Lakini niligundua kwamba siogopi tena. Akilia, sikuwa natazama nani anaona. Nilijua la kufanya: nakaa chini, napunguza sauti, namngoja. Mwezi wa Novemba alijiketisha mwenyewe, akashika mashine ya mkono tumboni, nami nikamnyoa kwa mkasi. Upande wa kulia Jumatatu moja, wa kushoto Jumatatu ya pili, na kisogo Jumatatu ya tatu. Kwa wiki mbili alitembea Nchiru akiwa amenyolewa nusu, nami nimenyolewa nusu kwa mkono wake, tukishikana mikono, na yeyote aliyetazama nilimsalimia kwa jina.

Januari aliingia shule, kwenye darasa la watoto wenye mahitaji maalum; Jumatatu asubuhi mwalimu wake humwachia aje kwangu. Usitarajie kwamba nitakuambia ameanza kusema, Mama. Ana maneno manne: maji, twende, hapana, na Baba. Labda yataongezeka, labda hayataongezeka. Lakini anajua kukuvuta mkono akakuonyesha anachotaka, na akifurahi nyumba nzima inajua.

Habari za Jumatatu zilitembea kwenye benchi la kliniki. Kawira ndiye aliyezitangaza. Akaanza kuja mama mmoja kutoka Kianjai na mapacha wake, kisha nyanya mmoja na mjukuu, na kufikia Aprili nilikuwa na wazazi saba. Ninawanyoa watoto mmoja mmoja, wengine Jumatatu sita kwa kichwa kimoja, na wazazi wanakaa nje kwenye benchi pamoja na Kawira wakingoja. Huko nje ndiko dawa ilikopatikana, Mama. Nikiwa ndani nawasikia: wanacheka, wanalia, wanafundishana jinsi ya kumlisha mtoto asiyekula ila vitu vyeupe, wanaambizana ni mwalimu gani ana moyo. Watu waliofika wametazama chini wanaondoka wakitazama mbele.

Basi mwezi wa Mei msimamizi wa ploti, hii safu ya maduka tuliyopanga, akaniambia wapangaji wamelalamika. Watoto wanapiga kelele, wateja wa maduka mengine wanaogopa, wengine wanadai ni mapepo. Akaitisha mkutano. Ningekuwa Nyaga wa zamani, ningehama kimyakimya. Nilienda na Kawira na Ciakuthii, nikasimama mbele ya watu kumi na wawili. Niliwaambia kwamba hawa si watoto wa mapepo, ni watoto wanaosikia zaidi yetu. Niliwaambia kwamba kelele zao huanza pale duka la muziki lililo kando yangu linapofungulia spika zake, na kwamba tukitaka watoto wanyamaze, tuanze kunyamaza sisi. Halafu nikamwambia msimamizi kama yuko tayari kumfukuza mtoto wa miaka saba aliyesimama mbele yake, aseme jina lake kwanza. Anaitwa Ciakuthii.

Mama Kananu anayeuza mboga akasema yeye amemwona mtoto huyu tangu akiwa mgongoni na hajawahi kumharibia hata nyanya moja. Kisha mwenye duka la muziki, niliyedhani ndiye adui yangu, akainuka akauliza ni saa ngapi hasa tunahitaji kimya. Nikamwambia Jumatatu, saa mbili mpaka saa sita. Akasema, "Ungeniambia mapema, mzee. Mimi nilidhani muziki unawachangamsha." Tangu Jumatatu ile, safu yetu yote hunyamaza mpaka saa sita adhuhuri. Hata mwenye kuchomelea vyuma husubiri. Wageni wanaopita hufikiri kuna matanga, kumbe kuna watu wananyolewa!

Katika waliokuja baada ya hapo ni mzee mmoja wa Mitunguu, Kaimenyi, mkulima wa ndizi. Alikuja na kijana wake Mutegi, wa miaka kumi na tisa. Mutegi hajawahi kunyolewa tangu utotoni ila kwa kuviziwa usingizini, na ndevu zilikuwa zimemfika kifuani. Ilituchukua Jumatatu nane. Siku ya mwisho nilipompangusa kwa taulo, Kaimenyi aliingia, akasimama mlangoni hasogei. Kumbe kijana alipewa jina la baba wa Kaimenyi, marehemu mzee Mutegi, na kile kidevu kilikuwa chake, pamoja na kishimo cha katikati.

"Miaka yote hii," Kaimenyi akasema, "nimekuwa na baba yangu nyumbani wala sikumwona."

Alimshika kijana bega, na kijana akamwachia.

Mama, sasa nimefika mahali pagumu. Vaa miwani vizuri, na kama umesimama, tafadhali kaa.

Ile Pasaka ulipokuja, ulimkuta Ciakuthii na bandeji kwenye sikio la kulia. Tulikuambia alikwaruzwa na waya wa seng'enge kwenye ua. Ulimgeukia Kawira ukasema mwanamke asiyeweza kumlinda mtoto mmoja na ua, Mungu atampaje wa pili. Ulichukua mkoba wako ukaondoka, chai ikiwa kikombeni, na hujarudi. Tangu siku ile umemwita "huyo wenu", na yeye amekutumia salamu kila mwezi bila kukosa.

Hakukuwa na seng'enge. Ilikuwa Ijumaa Kuu, Kawira yuko kanisani. Wewe ulikuwa unafika kesho yake, nami nilitaka umkute wajina wako ni msafi, usione kile kiota ukaniona mimi nimeshindwa. Nilimpeleka dukani, nikafunga mlango, nikamwambia Gitobu amshike mikono na miguu. Nikambana kichwa kifuani nikawasha mashine. Alipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwa kiumbe chochote, wala sikuacha. Nilikuwa na hasira, Mama. Nilikuwa na hasira na mtoto wa miaka mitano kwa kuniaibisha. Akajipinda mikononi mwangu, na meno ya mashine yakapasua ncha ya sikio lake. Damu ndiyo iliyonisimamisha. Nikamwambia Gitobu tuseme ni waya, na Kawira aliporudi nikamwambia ni waya, na wewe ulipokuja nikasimama mlangoni nikatazama chini huku ukimtupia mke wangu dhambi yangu.

Nimeubeba uongo huo miaka miwili na nusu. Watu hapa wananisifu; mchungaji alinisimamisha kanisani akaniita baba wa mfano. Sifa zile zilikuwa zikinichoma. Wiki tatu zilizopita, baada ya ibada, nilimwambia Kawira yote. Alikuwa akichambua maharagwe. Aliendelea kuchambua mpaka yakaisha. Kisha akatoka nje, akaanua nguo zote hata zilizokuwa mbichi, akarudi akaketi mbele yangu.

"Msamaha wako nitaushughulikia mimi na Mungu wangu," akasema. "Lakini usiniombe chochote mpaka umwandikie mama yako. Nimechoka kuwa na hatia nyumbani kwa watu."

Jumatatu iliyofuata nilitoka kwenye duka nikawaambia wale wa kwenye benchi pia, kwa sababu walikuwa wakinitazama kama malaika. Gitobu alisimama kando yangu akasema alimshika mikono. Nilidhani wataita watoto wao na kuondoka. Halafu mzee Kaimenyi akasema, akitazama viganja vyake, "Mimi nilimfunga Mutegi kwa kamba ya ng'ombe. Mwaka mzima, kila nilipoenda kumwagilia ndizi." Mama wa mapacha akasema la kwake. Nyanya akasema la kwake. Sitayaandika hapa, si yangu. Lakini nitakuambia hili: hakuna aliyeondoka, na wote walirudi Jumatatu iliyofuata, na Teresia sasa huja kukaa nao saa nzima, kwa sababu anasema hapo ndipo kliniki ilipo.

Sikuombi usinikasirikie. Nikasirikie, nimestahili. Ninachokuomba ni uichukue ile lawama uliyomwekea Kawira, uiweke inapostahili kuwekwa, na umwambie hivyo wewe mwenyewe.

Na Ciakuthii? Kwa muda wote huo, hata aliponiachia kichwa chote, sikuthubutu kugusa nywele za nyuma ya sikio lile. Niliacha kishungi kidogo hapo, nikijidanganya kwamba kinampendeza. Jumatatu iliyopita nilimaliza nikaweka mkasi mezani kama kawaida. Hakushuka kitini. Alinitazama kwenye kioo kile kisichofunikwa. Kisha akainua mkono wa kulia, akalikunja sikio lake mbele kwa kidole kimoja, kovu likaonekana lote, akangoja.

Nilichukua mkasi. Nilikata polepole sana. Nje, safu nzima ilikuwa kimya, nami nilisikia kila unywele ukianguka. Nilipomaliza akaliachia sikio, akasema, "Twende."

Mama, nipe majibu kwa kalamu au kwa miguu yako, lakini miguu ndiyo ningeipenda zaidi. Kawira amesema niandike neno hili kama alivyolisema: "Mwambie siku yoyote atakayokuja, mimi ndiye nitakayempokea." Msalimie Njiru na watoto wake, wasalimie akina mama wenzako wa kwaya, na ng'ombe mweusi mpe chumvi kwa niaba yangu. Mungu akutunzie goti na macho mpaka tuonane.

Ni mimi mwanao, baba wa wajina wako,

Nyaga.